Shikamoo wanatoa, lakini wanampima? Wanafunzi wa afya na wagonjwa wazee

Baada ya kipindi cha afya cha asubuhi, msikilizaji wetu mmoja alituachia ujumbe wa sauti wa karibu dakika sita. Alikuwa amempeleka mama yake, mwenye miaka 74, hospitali. Bibi huyo alikuwa hali vizuri kwa siku tatu, na usiku alikuwa akiongea mambo yasiyoeleweka, akiwaita watu waliokwisha kufariki.

Waliowapokea ni vijana wawili wenye makoti meupe, wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Waliwapokea vizuri. "Shikamoo bibi," wakamshika mkono, mmoja akaenda kumtafutia kiti. Kisha wakamgeukia binti yake na maswali yote wakamwuliza yeye. Bibi anaumwa wapi? Anakula? Anatumia dawa gani? Bibi mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo, anawatazama. Mwishoni mmoja wao akasema kwa upole: "Mama, huu ni umri tu. Bibi amechoka." Wakarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Siku mbili baadaye hali ilizidi, wakarudi. Safari hii walimkuta tabibu mtu mzima, wa miaka mingi kazini. Alivuta kiti akakaa mbele ya bibi, akamsikiliza kifua, akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima huku akitazama saa. Kilikuwa kichomi. Bibi akalazwa, akapewa dawa, na baada ya wiki moja alikuwa anauliza nani anawapa kuku wake maji.

Msikilizaji wetu alimaliza ujumbe kwa swali ambalo limetukaa kichwani: "Wale vijana hawakuwa na dharau hata kidogo. Sasa shida ilikuwa nini?"

Tumezoea kuzungumzia lugha mbaya hospitalini, mhudumu anayemfokea mzee au kumrusha foleni. Hayo yapo, na tumeyasema sana hewani. Lakini hapa hakuna aliyefoka. Vijana walikuwa na adabu, na bado nusura bibi apotee.

Mtazamo mzuri, maarifa machache

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa uuguzi Zanzibar. Walitaka kujua mambo mawili: vijana hawa wanawaonaje wazee, na wanajua kiasi gani kuhusu kumhudumia mzee. Majibu yalikwenda njia mbili tofauti. Mtazamo ulikuwa mzuri. Maarifa yalikuwa duni.

Hapo tumepata sehemu ya jibu la msikilizaji wetu. Mtu akimpenda bibi yake hajui kwa sababu hiyo kwamba kichomi cha mtu wa miaka 74 kinaweza kuja bila homa. Hilo lazima afundishwe.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika tafiti za namna hii. Duniani kote, wanaotaka kupima mitazamo ya wanafunzi kuhusu wazee hutumia zaidi orodha ya sentensi. Moja inayotumika sana ilitengenezwa Marekani na Nathan Kogan mwaka 1961, ina sentensi 34, na mwanafunzi anaonyesha kwa kila moja kama anakubali au anakataa. Nusu zinasema mema kuhusu wazee, nusu zinasema mabaya. Sasa mchukue kijana aliyelelewa Pemba, Singida au Rombo, aliyefundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa haambiwi neno baya. Atatia alama wapi? Tunaona kuwa kwa jamii zetu karatasi ya aina hiyo inapima malezi kwanza. Atakachofanya kijana huyo saa nane usiku wodini, wagonjwa wakiwa arobaini, ni habari nyingine.

Kwa hiyo tunaposema "mtazamo", hatumaanishi heshima peke yake. Tunamaanisha pia matarajio. Je, kijana huyu anaamini mgonjwa aliye mbele yake anaweza kupona? Mtu anaweza kumheshimu mzee sana na wakati huo huo awe ameshamkatia tamaa.

"Ni umri tu"

Maneno haya matatu yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana yanasemwa na wengi, na mara nyingi si kweli.

Uzee hubadilisha mwili, hilo halina ubishi. Figo zinafanya kazi polepole zaidi, misuli inapungua, macho na masikio yanachoka. Lakini mabadiliko hayo huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa anapika Jumapili na Jumatano hajui yuko wapi, hajazeeka ndani ya siku tatu. Kuna kitu kimemwingia.

Na kitu hicho mara nyingi hakijitambulishi kama kwa kijana. Mwenye miaka 25 akipata kichomi atakuwa na homa kali, kikohozi na maumivu ya kifua. Mwenye miaka 75 anaweza asiwe na homa kabisa. Dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa, kukataa chakula, au kuanguka. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huweza kuanza hivyo hivyo. Hata shambulio la moyo, hasa kwa mwenye kisukari, linaweza kuja bila maumivu ya kifua, mgonjwa akalalamika tu kwamba pumzi hazitoshi au mwili hauna nguvu. Mwanafunzi aliyekariri dalili za kitabuni kwa mgonjwa kijana atazitafuta, asizione, na atabaki na jibu moja tu mkononi: umri.

Halafu kuna dawa. Hapa tungependa usome polepole, maana wengi wetu dawa tunanunua dukani. Dawa za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa siku nyingi zinaweza kumtoboa mzee tumbo, kuumiza figo zake na kupandisha presha. Piriton, ile ya mafua inayouzwa kila kona, inaweza kumchanganya mzee na kumlaza kama aliyelewa. Mzee anayepewa dawa tano na watu watatu tofauti, kila mmoja hajui mwenzake kaandika nini, anaweza kuwa anaumwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kuuliza "bibi, nionyeshe dawa zako zote" kunachukua dakika moja, na mwanafunzi asiyetarajia kupata kitu hataiuliza dakika hiyo.

Vipi kuhusu magonjwa yanayokaa kimya? Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakiwapima watu wa miaka 70 na zaidi. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Wazee hao wanalima migomba, wanakwenda kanisani na msikitini, na wanaweza kupata kiharusi wiki yoyote. Kipimo cha presha ni mpira na pampu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kufikiri kwamba mzee huyu aliyekuja kwa ajili ya goti apimwe na presha pia.

Wanajifunzia wapi haya?

Mwanafunzi wa afya huja chuoni na bibi na babu zake kichwani. Miaka michache baadaye anatoka na kitu kingine. Nini hutokea katikati?

Tuanze na kile anachokiona kikipewa uzito. Nenda zahanati yoyote ya kijijini. Kuna siku ya kliniki ya mama na mtoto, kuna mizani ya kuning'iniza, kuna kadi yenye mchoro wa ukuaji, kuna chanjo kwa ratiba, kuna daftari la kujaza na mtu wa kuja kulikagua. Yote haya yana sababu nzuri. Watoto wetu wengi walikuwa wanakufa kabla ya kufika miaka mitano, na kazi hiyo imeokoa maisha ambayo hatuwezi kuyahesabu. Hatusemi ipunguzwe. Tunasema tu kwamba mwanafunzi anayefanya mafunzo hapo anajifunza, bila mtu kumwambia, kwamba mtoto anafuatiliwa hatua kwa hatua na mzee anasubiriwa mpaka aanguke. Mzee hana kadi. Hana siku. Akiwa na presha au sukari anaweza kupata kliniki kwenye kituo kikubwa, lakini hapo atahudumiwa kwa ugonjwa mmoja, si kwa mwili mzima.

Kisha wodi. Wazee anaowakuta mwanafunzi hospitalini ni wale waliofika mwishoni, wamechelewa nyumbani, wamechelewa njiani, wameuza mbuzi kwanza ili wapate nauli. Wengi hali zao ni mbaya, na baadhi wanafariki. Kijana akiona hivyo wiki baada ya wiki anaanza kuamini kwamba mzee akilazwa, ndiyo basi. Hajawaona wale walioko nyumbani wanachunga, wanasuka ukili, wanalea wajukuu watano. Mzee mwenye afya haji hospitali, kwa hiyo mwanafunzi hana pa kumwona.

Na walimu? Madaktari bingwa wa magonjwa ya wazee katika ukanda wetu ni wachache mno. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka yote ya masomo akiwa amefundishwa na bingwa wa watoto, bingwa wa akina mama, bingwa wa upasuaji, na hajawahi kukutana na hata mmoja aliyebobea kwa wazee. Somo lenyewe hupitiwa kama kipande ndani ya somo jingine. Wanafunzi ni watu wenye akili, wanasoma kile kitakachotoka kwenye mtihani.

Lakini kinachofundisha zaidi ni maneno ya korido. Raundi inapita, daktari mkubwa anafika kitanda cha mzee wa miaka 80, anatazama faili, anasema "huyu mpeni dripu, tuendelee." Hakumtukana mtu. Wanafunzi kumi waliosimama nyuma yake wamejifunza kitanda kipi hakihitaji kusimama.

Kuna na hesabu moja inayopotosha hata wasomi. Tunasikia kwamba wastani wa umri wa kuishi Tanzania ni miaka sitini na kitu. Kijana anaona mtu wa miaka 68 na kusema moyoni, huyu ameshavuka. Sivyo wastani unavyofanya kazi. Wastani huo unahesabiwa tangu kuzaliwa, na unavutwa chini na watoto na vijana wanaofariki mapema. Mtu aliyekwisha kufika miaka 60 yuko kwenye hesabu nyingine kabisa: kwa kawaida ana zaidi ya miaka 15 mbele yake. Huo ni muda wa kumfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho na mtu akafaidi macho yake. Ni muda wa kumlea mjukuu kutoka chekechea hadi kidato cha nne.

Pale heshima inapokutana na hofu

Tusijidanganye kwamba vijana wetu wanatoka nyumbani na heshima tupu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza zaidi ya kwingine, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha atakuwa na macho ya rangi gani? Mashirika yamefanya kazi ya kuwalinda kwa miaka mingi, MAPERECE la Magu likiwa mojawapo, na hofu haijaisha.

Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuwa ametoka kijiji cha namna hiyo. Amekua akiambiwa asipite karibu na nyumba fulani jioni. Koti jeupe halifuti hilo.

Hapa ndipo maarifa yanakuwa suala la uhai kwa maana nyingine kabisa. Wazee wa Hai tuliowataja walipimwa pia kuhusu demensia, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na tabia. Ulikuwepo, kama ulivyo duniani kote. Mzee mwenye ugonjwa huu anaweza kutoka usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa. Anaweza kukutwa uwanjani kwa jirani, pengine bila nguo, hajui alifikaje. Anaweza kumtuhumu mkwe wake kwamba ameiba fedha ambazo alizificha mwenyewe. Kijijini tunajua watu watasema nini. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa vizuri anaweza kusimama mbele ya familia na kusema: "Huu ni ugonjwa, una jina, tumewaona wengine." Asiyefundishwa atanyamaza. Na ukimya wa mtu wa hospitali, pale kijijini, husikika kama kukubali.

Si kwetu tu

Neno la Kiingereza la ubaguzi dhidi ya wazee lilibuniwa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler. Maisha yake yanafanana na ya vijana wengi wanaotusikiliza: alilelewa na bibi na babu yake. Alipoingia chuo cha udaktari alishtuka kusikia jinsi wagonjwa wazee walivyozungumziwa, hata majina ya kejeli waliyopewa wodini. Baadaye aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa uzee ya nchi yake ilipoanza, na mwaka 1982 akaanzisha idara ya magonjwa ya wazee katika chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, ya kwanza ya aina hiyo Marekani. Tangu alipobuni lile neno mpaka idara ikawepo ilipita miaka 13.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya ubaguzi wa umri Machi 2021, likakadiria kwamba mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mitazamo ya kibaguzi kuhusu wazee. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikusanya pamoja tafiti 422 kutoka nchi 45. Zile zilizoangalia nani anapewa matibabu au vipimo fulani na nani hapewi zilikuwa 149, na katika asilimia 85 ya hizo, umri ulikuwa unaamua.

Chuo hicho hicho kina mtafiti anayeitwa Becca Levy. Mwaka 2002 yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wa mji mmoja mdogo wa jimbo la Ohio waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya uzee wao wenyewe waliishi wastani wa miaka 7 na nusu zaidi ya wale waliouona uzee kuwa balaa. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba fikra peke yake ndiyo iliyorefusha maisha. Lakini unatufanya tuwageukie wazee wenyewe, maana mara nyingi wa kwanza kusema "ni uzee tu, mwanangu" ni mgonjwa. Anamsaidia mwanafunzi kumaliza haraka. Ana aibu kusema mkojo unamponyoka. Anaogopa kuwatia watoto gharama.

Na sisi redioni hatujatoka salama. Tumesikiliza upya michezo yetu ya kuigiza ya miaka michache iliyopita. Mzee ndani yake karibu kila mara ni kiziwi, mkali, au wa kuchekesha kwa kusahau. Tulicheka wote studio.

Foleni ni ndefu, wahudumu wachache

Muuguzi mmoja tuliyemsomea sehemu ya makala haya alitujibu bila kuzunguka: "Nyie mnasema nikae na bibi dakika ishirini. Nje kuna watoto wenye malaria na mama mwenye uchungu. Nimwache nani?"

Ana hoja. Zahanati yenye wahudumu wawili haiwezi kufanya kila kitu, na mwanafunzi anayefunzwa hapo anajifunza kuchagua. Wapo wanaosema wazi kwamba kwa nchi maskini ni sahihi rasilimali ziende kwa vijana kwanza.

Tunaielewa hoja, lakini tunaona inajibu swali ambalo mara nyingi halijaulizwa. Bibi wa msikilizaji wetu hakuhitaji mashine ya mamilioni. Alihitaji mtu ahesabu pumzi zake, na dawa ambazo tayari zilikuwa kwenye kabati. Pia, huyo mtoto mwenye malaria nje, nani amemleta? Katika vijiji vingi ni bibi yake, kwa kuwa wazazi wako mjini wanatafuta. Akianguka yeye, nyumba nzima imeanguka.

Serikali zetu zimeandika mengi mazuri karatasini. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea na kutaka apate matibabu. Ndiyo chanzo cha vitambulisho vya wazee wasio na uwezo na madirisha ya wazee unayoyaona hospitalini. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Kwa anayeumwa, dirisha ni jambo jema, linamtoa kwenye foleni. Lakini nyuma ya dirisha kuna mtu, na yule mtu alifundishwa mahali fulani.

Nini kimeonekana kusaidia?

Baadhi ya vyuo vya nchi za nje huwavisha wanafunzi miwani yenye ukungu, kuwaziba masikio na kuwatia kokoto viatuni ili waonje uzee. Wanafunzi hutoka na huruma zaidi, kweli. Sisi tuna mashaka kidogo. Kijana anaweza kutoka hapo akiwa amejifunza tu kwamba uzee ni mateso, wakati hayo tayari alikuwa anayaamini.

Ripoti ile ya 2021 inaweka uzito kwenye elimu na kwenye kukutanisha vizazi, pamoja na sheria. Kukutanisha huko kwetu hakuhitaji bajeti kubwa. Mwanafunzi apangiwe mzee mmoja mwenye afya, anayeishi kwake, amtembelee mara kwa mara kwa muda wote wa mafunzo. Amjue kwa jina, ajue anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Siku mzee huyo akiugua, mwanafunzi atakuwa na kitu cha kulinganisha. Atajua kwamba hivi sivyo alivyo.

Na maarifa yenyewe yapo, yamerahisishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwahudumia wazee ngazi ya chini una vipimo ambavyo hata mhudumu wa afya wa jamii anaweza kufanya. Mtajie mzee maneno matatu na mwombe ayarudie baada ya muda. Mwambie ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano bila kutumia mikono. Ikizidi sekunde 14, miguu yake inahitaji kuangaliwa. Muulize kama amepungua uzito bila kutaka, kama anakosa hamu ya chakula, kama ana huzuni, kama anaona karibu na mbali. Nong'ona nyuma yake uone kama amesikia. Wakati mwingine "kusahau" kwa mzee huisha baada ya nta kutolewa sikioni.

Ukimpeleka mzee wako

Hospitali za kufundishia na hata vituo vingi vya afya vina wanafunzi, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ukakutana nao. Usiwakwepe. Wengi wana muda kuliko waliowatangulia, na wanataka kujifunza.

Beba dawa zote za mzee, za hospitali, za dukani na za kienyeji, ndani ya mfuko mmoja. Eleza alikuwa anaweza kufanya nini wiki iliyopita ambacho leo hawezi: "Jumapili alichota maji mwenyewe, leo hawezi kusimama." Sentensi hiyo inamsaidia mhudumu kuliko "bibi anaumwa mwili mzima". Kama mzee ana sikio moja zuri, mweleze kijana akae upande huo. Kama kuna jambo la aibu, toka nje kidogo uwaache wawili.

Maswali yakikujia wewe, mrudishie mwenye ugonjwa: "Mwulize mwenyewe, mwanangu, anasikia." Na ukiambiwa ni umri, uliza bila ugomvi: "Angekuwa na miaka arobaini, mngempima nini?" Msikilizaji wetu anasema laiti angelijua swali hilo siku ile ya kwanza.

Katika kipindi chetu kijacho cha afya tutakuwa na wanafunzi wa uuguzi na tabibu studio, pamoja na wazee watatu. Wazee ndio watakaouliza maswali. Ukienda zahanati au hospitali na mzee wako kabla ya hapo, turekodie ujumbe mfupi: maswali aliulizwa nani?